Rangi ya Uji au Damu ya Mzee? Kuchagua Rangi katika Mori Kei

Mpwa wangu alinitumia picha kumi na mbili kwa mkupuo, kisha swali moja: "Shangazi, hivi hawa wote walimwagiwa uji?" Nilicheka mpaka abiria wa pembeni yangu kwenye treni akageuka kunitazama, na hapa Japani hilo si jambo dogo. Picha zilikuwa za wasichana waliovaa mori kei: magauni mapana yasiyobana kiuno, shimizi ya lesi ikichungulia chini ya pindo, sweta la nyuzi nene, mtandio juu ya sweta, na mtandio mwingine juu ya mtandio. Na kweli, vyote vilikuwa uji. Uji wa mchele, uji wa mahindi, na yule mmoja aliyethubutu, uji wa ulezi uliozidi maji.

Anataka fundi wake wa Arusha amshonee seti ya kwanza, na kitambaa kinanunuliwa mara moja tu. Ukiondoa utani, swali lake ni la fedha: afuate weupe wa kwenye picha, au inaruhusiwa kuvaa rangi? Nilimjibu kwa ujumbe mrefu wa sauti, nao ndio nimeuandika hapa, na nyongeza kidogo kwa yeyote aliyesimama dukani na vitambaa viwili mkononi.

Niseme mapema nimeegemea wapi, usije ukanidhania hakimu. Mimi navaa rangi nzito. Lakini weupe una hoja zake, na moja kati ya hizo sijawahi kuishinda.

Msitu upi?

Mori kwa Kijapani ni msitu, na kei ni mkondo, aina. Anayevaa hivyo huitwa mori gaaru, msichana wa msituni. Jina lilianza mwaka 2006, baada ya msichana mmoja kuambiwa na mwenzake kwamba kwa mavazi yale anaonekana kama mtu anayeishi msituni. Badala ya kununa, akafungua kikundi katika mtandao wa kijamii wa Mixi, na watu wakaingia kwa maelfu. Ilipofika 2009 na 2010 magazeti ya mitindo yalikwisha kuudaka, na mwigizaji Yu Aoi akawa mfano ambao kila mtu aliutaja.

Kikundi kile kilikuwa na orodha ndefu ya mambo ambayo mori gaaru huyapenda: gauni linalopanuka kuanzia kifuani kwenda chini, mavazi ya jadi ya watu wa Ulaya ya kaskazini, vitu vya ngozi, kutembea na kamera, kukaa mkahawani bila haraka. Ndani ya orodha hiyohiyo kulikuwa na rangi zenye kina: kijani kizito, buluu ya usiku, wekundu uliokolea, kahawia. Kwa hiyo anayekwambia kwamba rangi zililetwa baadaye na wageni wasioelewa mtindo, mwambie zilikuwa za mwenye nyumba.

Uji ulitokea wapi basi? Naamini kamera ndiyo iliyotuponza. Picha za miaka ile zilipendwa ziwe na mwanga mwingi, za dirishani, zenye ukungu kidogo, kama kumbukumbu ya utotoni. Mwanga wa namna hiyo ukimwagwa juu ya kijani kizito, kinageuka kijivu cha majani makavu. Kahawia inakuwa maziwa ya chai. Halafu nje ya Japani zikafika picha, orodha haikufika.

Na msitu wenyewe? Karibu theluthi mbili ya ardhi ya Japani ni misitu, na takriban asilimia arobaini yake ni miti ya kupandwa, sugi na hinoki, imesimama mistari kama askari, giza chini yake saa sita mchana. Nenda kisiwa cha Yakushima uone kuvumwani na kuvu vilivyofunika mawe, mizizi na magogo hadi hujui kipi ni kipi. Huko hakuna krimu, labda uyoga ubavuni mwa gogo. Ila msichana wa msituni hakutoka msitu huo. Alitoka msitu wa ngano za Ulaya, wenye miti ya magome meupe, matunda madogo mekundu, na kibanda kinachofuka moshi. Ndiyo maana pande zote mbili zina haki: weupe ni gome, wekundu ni tunda.

Upande wa uji

Wajapani wana neno kinari kwa kitambaa ambacho hakijapaukishwa wala kutiwa rangi, kilivyotoka kwenye mtambo ndivyo kilivyo. Sisi tunalo letu, tena la zamani: merikani. Pamba ile nzito, yenye umanjano kwa mbali na vijidoa vya mbegu, iliyoletwa pwani yetu karne ya 19 na merikebu za wafanyabiashara wa Massachusetts, Marekani, ikaacha jina la nchi yake sokoni. Bibi yako ukimwambia "rangi ya merikani" hahitaji kuonyeshwa sampuli.

Uzuri wa kinari ni kwamba tabaka hazigombani. Vaa shimizi, gauni, kizibao, sweta na mtandio, vitu vitano, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Pia rangi ikinyamaza, kitambaa ndicho huongea: jicho linaona tundu la lesi, mkunjo wa marinda, kitani kilichokunjamana, ua lililodariziwa kwa uzi wa rangi ileile. Kama una nguo moja iliyofumwa kwa mkono na unataka kila mtu aione kazi ya mkono ule, ivae na weupe.

Na ile hoja isiyoshindika ni hii: kutoka weupe unaweza kwenda popote. Gauni la kinari ukilichoka, unalitumbukiza kwenye rangi. Gauni la damu ya mzee ukilichoka, utalichoka hivyohivyo.

Kasoro zake zinajulikana na mama yeyote aliyefua. Lakini kuna nyingine hazisemwi. Kwanza, weupe hauko mmoja. Weka lesi ya nailoni, ile yenye ubuluu kwa ndani, juu ya pamba ya kinari: lesi itaonekana ya plastiki, na pamba itaonekana chafu. Ukienda njia hii jiandae kuchambua weupe dukani kama unavyochambua mchele. Pili, kitambaa hafifu hakina pa kujificha. Tatu, juani kinaonyesha miguu, kwa hiyo shimizi si pambo tena, ni lazima.

Nne naisema kwa upole kwa sababu ni ya kwetu. Gauni pana la pamba nyeupe isiyo na rangi, refu hadi kifundoni, kwa macho ya Harajuku, mtaa wa mitindo wa Tokyo, ni ndoto. Mama yangu alipoona picha yangu ya kwanza aliniuliza nimelazwa hospitali gani. Shangazi yake aliyekuwa pembeni alifikiria kitu kizito zaidi kinachoshonwa kwa bafta nyeupe, akaomba nivue. Walitania, ila nusu tu.

Upande wa damu ya mzee

Sijui aliyebuni jina "damu ya mzee" lakini alikuwa na jicho. Si nyekundu ya bendera, si waridi. Ni wekundu uliokaa, uliotulia. Wajapani huita enji, na ndiyo mojawapo ya zile rangi za tangu mwanzo.

Napenda namna lugha hizi mbili zinavyochota rangi jikoni. Sisi tumetoa kahawia kwenye kahawa. Wao rangi hiyo wameitoa kwenye chai, cha-iro. Kijivu chetu kimetoka kwenye jivu. Wao wana nezumi-iro, rangi ya panya. Wakati wa Edo, kati ya karne ya 17 na ya 19, watawala walipiga marufuku watu wa kawaida kuvaa anasa, wakabakiwa zaidi na kahawia, kijivu na nili. Badala ya kulalamika, watu wa mjini walizichezea hizo chache hadi pakawa na msemo: chai arobaini na nane, panya mia. Hakuna aliyekaa akahesabu. Maana yake ni tele. Kahawia ya muigizaji fulani wa jukwaani, kahawia yenye ukijani kama ndege wa uguisu, kijivu kinachoelekea zambarau. Nikisikia mtu anasema mori kei ya rangi ni "kelele", nakumbuka panya mia. Rangi iliyofifishwa bado ni rangi, na huwa nyingi kuliko zile zinazong'aa.

Kwa hiyo kipimo changu dukani si "kijani au nyekundu?" Kipimo ni: je, rangi hii ingeweza kutoka kwenye mzizi, gome, jani au tope? Wekundu wa mzizi wa akane, ndiyo. Manjano ya haradali, ndiyo. Waridi la peremende, hapana. Kijani cha moto kama cha fulana za wasimamizi wa barabara, hapana kabisa.

Si ushirikina, ina sababu. Rangi za mimea zina udugu kwa sababu zimepita njia zinazofanana. Nili ya Kijapani, inayosifika zaidi ya Tokushima katika kisiwa cha Shikoku, huanza na majani yaliyokaushwa kisha yakavundikwa kwa kulowekwa na kugeuzwa takriban siku mia hadi yawe kama mbolea nyeusi iitwayo sukumo. Kijani, jambo lililonishangaza nilipolisikia mara ya kwanza, karibu hakipatikani kwenye jani moja. Wapaka rangi hutia manjano juu ya nili. Kwa hiyo kila kijani cha zamani kina buluu ndani yake, ndiyo maana kinakaa vizuri karibu na buluu. Kisiwani Amami Oshima hariri hulowekwa kwenye maji yaliyochemshwa na mti wa sharinbai, wenye tanini nyingi, kisha huzamishwa kwenye tope lenye chuma, tena na tena, makumi ya mara, mpaka itoke hudhurungi inayokaribia weusi. Hiyo ndiyo rangi ya kivuli cha msitu, kwa halisi yake.

Nguo za dukani leo ni za rangi za viwandani, tusidanganyane. Lakini jicho linakumbuka undugu ule, na kiwanda kizuri kinauiga. Ukitaka kuona mtu anayecheza na rangi bila kupiga kelele, tazama vitambaa vya mina perhonen, nyumba ya Akira Minagawa iliyoanza mwaka 1995. Haiuzwi kwa jina la mori kei na bei yake si ya kwangu, lakini nimesimama nje ya kioo chao nikajifunza zaidi ya nilivyojifunza kwenye magazeti.

Kasoro za upande huu sasa. Lesi nyeusi juu ya kahawia haionekani. Kazi ya mkono inazama. Rangi nzito huchuja, na buluu ya nili hupaka mkoba, mikono, hata kochi la wenyeji. Juani zinachemka. Halafu kuna mitego miwili. Kijani na nyekundu pamoja ni Krismasi. Na kwetu upo mtego mkubwa zaidi ambao Mjapani hana habari nao: sweta la damu ya mzee juu ya sketi ya buluu ni sare ya shule. Sweta la kijani juu ya sketi ya kahawia, nalo ni sare ya shule. Umetumia nusu ya mshahara, na konda anakudai nauli ya mwanafunzi.

Dawa ya sare ni kuvunja ubapa. Sare ni kitambaa laini cha rangi moja juu ya kitambaa laini cha rangi moja. Weka maua madogo kwenye gauni, au mistari ya drafti, au kodrai, au sweta lililofumwa kwa mkono lenye nundu, na harufu ya chaki inaondoka.

Bega kwa bega

Nianze na ngozi, kwa sababu hapo ndipo jibu langu kwa mpwa wangu lilipokaa, na hapo ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni hukosea.

Hapa Japani watu hupimwa rangi zinazowafaa. Utasikia wasichana wakiulizana kama ni iebe, ngozi yenye umanjano kwa chini, au burube, yenye ubuluu. Kipimo hicho kimejengwa kwa ngozi zao. Sasa tazama tena zile picha za uji. Kwa nini zinapendeza? Kwa sababu ngozi, nywele zilizopakwa kahawia nyepesi na kitambaa vinakaribiana, mtu anayeyuka ndani ya nguo zake, huoni pa kuanzia wala kuishia. Huo myeyuko ndio mori kei. Si krimu.

Mpwa wangu ni mweusi wa kung'aa. Akivaa kinari toka shingoni hadi miguuni, hayeyuki. Anawaka! Anapendeza, tena sana, ila ni uzuri wa aina nyingine: uso unatangulia, nguo inafuata, kila ukingo unaonekana. Akitaka kile kilichomvutia kwenye picha, atakipata kwa kahawia, kijani cha kuvu, damu ya mzee, buluu ya usiku, rangi zinazokaribiana na ngozi yake kama krimu inavyokaribiana na ngozi ya yule wa Tokyo. Aige uhusiano wa ngozi na nguo, aiache rangi yenyewe. Nilichelewa miaka mitatu kulijua hili, na kabati langu lina ushahidi.

Hiyo haina maana weupe ni marufuku kwetu. Ukitaka kuwaka, waka. Chagua tu ukijua unachokichagua.

Kufua. Kinari inataka maji yake peke yake na sabuni isiyo na vipausho. Ukiipiga jiki, ule umanjano wa uhai unaondoka na unabaki na shuka la hoteli. Rangi nzito inataka maji baridi, kugeuzwa ndani nje, kuanikwa kivulini. Kwa usumbufu wanakaribiana. Kwa vumbi hawakaribiani hata kidogo: gauni la kinari lenye pindo refu, kwenye njia ya udongo mwekundu, linarudi nyumbani jioni na rangi ambayo hukuichagua.

Fedha. Watu hudhani nyeupe ni rahisi. Kitambaa cheupe kwa mita labda ni rahisi, lakini weupe unaopendeza unadai kitani kizuri, lesi ya pamba, na mshono safi, maana kila kosa la fundi linaonekana. Rangi nzito inasamehe. Pamba ya bei ya chini ikitiwa kahawia nzuri hakuna atakayeuliza. Kwenye mitumba tofauti inazidi: katika maduka ya nguo kuukuu ya Koenji na Shimokitazawa, mitaa ya Tokyo, sketi za sufu za kahawia na sweta za kijani nimezipata kila nilipokwenda, lakini blauzi nyeupe ya lesi isiyo na kwapa la njano ni ya kuwahi asubuhi. Sidhani marobota ya kwetu yana tabia tofauti.

Majira. Agosti ya Tokyo ni joto la zaidi ya nyuzi 30 lenye unyevu wa kukamua. Hapo gauni moja la shashi nyeupe linakupa heshima na pumzi, na rangi nzito ikae kabatini. Novemba, majani yakigeuka, kahawia na haradali zinajivaa zenyewe. Arusha kalenda inageuka: baridi ya Juni na Julai ndiyo Novemba yake. Aliye Tanga au Mombasa asijisumbue na tabaka tano za rangi yoyote; achukue gauni moja pana na mtandio mwepesi, basi.

Idadi. Kwenye weupe vaa tabaka nyingi upendavyo. Kwenye rangi, mimi siendi zaidi ya tatu, na moja kati ya hizo ni kahawia. Mfano ninaouvaa mara nyingi: gauni la kijani cha kuvu, kizibao cha kahawia, soksi za haradali, na shimizi ya kinari ikitoa ukanda wa vidole viwili chini ya pindo. Huo ukanda ni mdogo lakini ukiutoa, vazi zima linaanguka kama picha iliyokosa fremu. Wekundu nauweka mahali pamoja: kofia, au mkoba, au maua ya darizi. Tunda moja kwenye kichaka.

Majirani wasikuchanganye

Ukitafuta mori kei utakutana na ndugu zake, na wengine wana rangi zaidi. Dolly kei, iliyovuma pamoja na duka la Grimoire la Shibuya, ni mwanasesere wa kale wa Ulaya: mahameli, mazulia ya ukutani yaliyogeuzwa koti, rangi za vito. Kama unapenda rangi kiasi cha kuona haradali yangu ni ya wazee, nenda huko, utafurahi. Strega, neno la Kiitaliano kwa mchawi wa kike, ni msitu uleule usiku: tabaka zilezile, zote nyeusi na kijivu, zilizochanikachanika. Mtindo huo ulikua zaidi mitandaoni nje ya Japani. Una faida kubwa ya kufua na hasara kubwa ya kuelezana na wazazi. Yama gaaru ni msichana wa mlimani, naye ni mtu mwingine kabisa: koti la mvua la waridi, sketi fupi juu ya suruali ya kubana, viatu vya kupanda mlima. Yeye kweli anakwenda msituni, wakati sisi tunakwenda mkahawani. Rangi zake zinang'aa kwa sababu akipotea atafutwe.

Rangi za pipi hafifu, waridi na samawati za kupauka juu ya shashi, ni za mtaa mwingine tena. Nimejaribu. Nilifanana na keki.

Kwa asiyeweza kuamua

Ipo njia ya katikati, na inagharimu majani ya chai. Nunua merikani, ishone, ivae nyeupe msimu mmoja. Ukitamani rangi, ifue kwanza kwa maji moto kuondoa wanga wa kiwandani, maana wanga ukibaki rangi itashika madoadoa. Chemsha chai nyeusi nzito isiyonyweka, chuja vizuri, tumbukiza nguo ikiwa imelowa, igeuze mara kwa mara kwa saa moja au zaidi. Utapata uji wa ulezi wa haki. Shabu kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji ya kulowekea kabla husaidia rangi nyingi za mimea kushika na hung'arisha. Ukitaka kuizamisha gizani, weka misumari yenye kutu kwenye siki siku kadhaa, mimina kijiko cha maji yake kwenye beseni la maji safi, rudisha nguo ya chai humo. Kahawia itageuka kijivu mbele ya macho yako, kwa sababu tanini na chuma vikikutana hutoa weusi. Ndiyo hesabu ileile ya tope la Amami. Usizidishe chuma, kwani kwa miaka hula uzi. Na angalia lebo: poliesta itapoteza chai yako bure na kutoka nyeupe kama ilivyoingia.

Jaribu kwenye kipande kwanza. Nguo ikilowa, rangi yake huonekana nzito kuliko itakavyokuwa ikikauka.

Alichonunua

Nilimwambia hivi: kama nguo hii moja itavaliwa ofisini, sokoni na kwenye daladala, nunua kitambaa cha rangi kwa gauni, na merikani kwa shimizi tu. Kama ni ya picha na sikukuu, na una mtu wa kukufulia au moyo wa kufua, nunua kitani cha kinari na usitazame nyuma. Kama unapenda vyote viwili na fedha ni ya kimoja, nunua merikani na majani ya chai.

Akachukua kodrai nyembamba ya damu ya mzee kwa gauni, merikani mita mbili kwa shimizi, na sweta la buluu la mtumba alilokuwa nalo tayari. Niliona picha ya vitambaa nikajua kinachokuja, lakini nikanyamaza, kwani uamuzi ulikuwa wake. Jumamosi akaniandikia kutoka kwa fundi.

"Shangazi, fundi ananiuliza hii ni ya shule gani."

Sweta limebadilishwa. Amepata la kahawia, limefumwa kwa mkono, lina tundu moja kwenye kiwiko ambalo anasema hataliziba.